Pampu Tuliyoifunga Uani

Mwanangu Nyemo,

Marahaba ya kesho asubuhi naiandika leo, maana kesho utakuwa na haraka na mimi nitakuwa nalizunguka gari kama mnunuzi. Ukiamka utanisalimia na nitaitika, lakini yenye uzito ni hii.

Mambo ya chandarua, ya kuchemsha maji, ya kutolala na njaa, siyaandiki. Umekaa chuo na ukarudi mzima. Mtu aliyemzalisha ng'ombe wa mchungaji uani kwa watu, ndama akiwa ametanguliza makalio, hawezi kufundishwa na mama yake kufua. Sokoni nimewaambia wote kwamba yule ndama yupo hai kwa sababu yako, na ambaye hakusikia vizuri mara ya kwanza nilimrudia.

Nataka kuandika habari za pampu. Utasema unazijua, ulikuwepo. Ulikuwepo, ndiyo, lakini ulikuwa chini ya gari na mimi nilikuwa juu.

Nianze na mimi, maana bila mimi hilo gari lingekuwa limeshageuzwa sufuria. Baba yako alipofariki aliniachia pikapu na wewe, wewe ukiwa hujaota jino. Nilikuwa sijui hata kurudi nyuma. Nilijifunza kwenye uwanja wa mnada siku ambazo hakuna mnada, na vile vigingi vya kufungia ng'ombe nilivyoviangusha sijavisahau, wala wenye navyo hawajavisahau. Lakini mwaka haukuisha nikawa naenda Bahi kuchukua mchele mwenyewe. Pale mashineni wanaume walikuwa wanaacha kupakia ili wanione nikigeuza gari. Nililigeuza kwa mkono mmoja. Mkono wa pili nilikuwa nimekushika wewe, lakini wao walidhani ni maringo, na mimi sikuwasahihisha.

Basi ulipopangiwa kazi ya mifugo kule ng'ambo ya Manyoni, kwenye kata ambayo kutoka boma hadi boma ni safari, ulikuja jikoni ukasema, "Mama, niazime gari."

Nikakuambia, "Siazimishi."

Ukainamisha kichwa ukaanza kuchambua mlenda.

"Kutoa natoa," nikasema. "Kuuza nauza. Kuazimisha ndiyo sijawahi."

Na nilikuwa na nia ya kutoa. Ila wiki ileile gari likaanza kulia mbele, mlio wa kokoto ndani ya debe, na maji yakawa yanadondoka chini ya injini. Mjomba wako Yona akaja, akainama kusikiliza huku anatafuna karanga. Unamjua mdogo wangu, hana jambo analolifanya bila karanga.

"Dada, hiyo ni wota pampu," akasema. "Niuzie mimi kabla halijakufia, nibebee mchanga. Mchanga ukikwama njiani unasubiri tu. Huyu mtoto akikwama kule porini, peke yake, itakuwaje?"

Nilichukia, kwa sababu siku hiyo alikuwa na akili. Nilikuwa nimewaza hilohilo usiku na sikutaka kulisikia kwa mtu mwingine mchana. Kule hakuna gereji, na mtandao wa simu unapatikana ukipanda kichuguu. Kukupa gari bovu ni sawa na kukutupa. Kukunyima gari zima ni kukupeleka kwa wafugaji kwa miguu, ukifika ng'ombe ameshakufa. Ndiyo nikaweka sharti pale barazani, mbele yenu wote wawili: pampu mpya tunaifunga wenyewe, hapahapa uani, halafu tunaenda Bahi, tunapakia, tunarudi. Mshale wa joto ukibaki katikati mpaka nyumbani, gari ni la Nyemo. Ukipanda, Nyemo anapanda basi na Yona anachukua gari.

Yona akasema, "Basi nitaleta spana zangu. Nataka lifungwe vizuri, maana ni langu."

Unakumbuka Jumamosi ile upepo ulivyokuwa. Tulitundika kanga mbili upande wa mbele ili vumbi lisiingie, gari likawa kama mwali. Tukakinga maji ya rejeta kwenye beseni la kufulia, ukalegeza mkanda, ukatoa feni na puli yake. Kila bolti uliyonipa niliichomeka kwenye kiporo cha ugali wa mtama nilichokisambaza kwenye sinia, mahali palepale ilipokuwa kwenye pampu, ndefu mahali pa ndefu na fupi mahali pa fupi. Hiyo sikufundishwa na mtu. Niliibuni mwenyewe mwaka niliopoteza bolti moja ya kabureta na kuitafuta mchangani siku nzima.

Yona akauliza, "Sasa gari linalishwa?"

"Linakula kuliko wewe," nikamjibu, "na linafanya kazi."

Pampu ilipotoka ukanikabidhi mkononi. Yale mapanga ya ndani yanayosukuma maji yalikuwa yameliwa, yamebaki vipande kama biskuti iliyotafunwa na panya.

"Mama, haya yameliwa na nini?"

"Chumvi," nikakujibu, maana nilikuwa nimeshajua. Ule ukoko mweupe ulioganda mle ndani naufahamu. Ni uleule wa kwenye birika letu, ninaoukwangua kwa kisu kwa sababu maji ya kisima chetu yana chumvi, kama visima vingi vya huku kwetu. Miaka yote nakwangua birika, halafu nachukua dumu hilohilo naenda kujaza rejeta. Mtu angeniambia kwamba gari nalo ni birika ningemcheka. Na nilikuwa natamba sokoni: gari langu halina mambo ya kulanti za kijani za dukani, linakunywa tunachokunywa sisi wenyewe.

Kisha ukaigeuza ile pampu, ukaona tundu dogo kwa chini, ukalichokoa kwa msumari, kikatoka kitu cheupe.

"Na hii nayo ni chumvi?"

"Hiyo ni sabuni."

"Mama."

"Sabuni ya mche."

Ulicheka mpaka ukakaa chini. Mimi sikuona cha kuchekesha. Tangi la mafuta likitoboka kila dereva anaziba kwa sabuni ya mche, na inashika, na mimi mwenyewe nimeshawazibia wanaume watatu njiani bila kuwaomba hata ahsante. Nilipoona pampu inadondosha maji kwenye kile kitundu, nikakiziba vivyo hivyo. Ikaacha kudondosha, nikajisifu. Wewe ndiye uliyenieleza, kwa upole, nashukuru, kwamba lile tundu wameliacha kwa makusudi: mpira wa ndani ukianza kuchoka maji yanatokea hapo ili mwenye gari aone. Nilipoyafungia, yakarudi ndani yakala beringi.

Yona akameza karanga zake akasema, "Kwa hiyo gari lilikuwa linataka kusema, dada akaliziba mdomo."

Hilo limenikaa. Ndivyo nilivyo, Nyemo. Kitu changu kikivuja, cha kwanza ninaangalia nani ameona. Uliwahi kurudi kutoka shule unalia, na kabla sijakuuliza una nini nilikuuliza umepita mlango wa nani. Kule uendako utakuwa na wakubwa wako na wafugaji wanaokupima, na kuna siku mambo yataanza kudondoka mbele yao. Acha yadondoke kidogo uone yanatoka wapi. Usitafute sabuni.

Turudi kwenye kazi. Uliikwangua ile sehemu pampu inapokaa kwa wembe, taratibu, umeweka kitambaa kwenye tundu ili uchafu usiingie ndani. Ulichukua asubuhi nzima. Mimi nilikuwa nimesimama na pampu mpya mkononi kama mtu anayesubiri kumpa mwenzake mtoto.

"Unamnyoa bwana harusi?" nikakuuliza.

"Mama, gasketi ya zamani ikibaki hata kidogo, itavuja."

"Paka silikoni nyingi. Silikoni inasamehe."

"Haisamehi, Mama. Inaficha."

Ulipokwenda kunywa maji niliipachika pampu na gasketi yake, nikachukua spana. Uongo sitaandika hapa. Nilitaka kumaliza kabla majirani hawajarudi kutoka kanisani kwenye mazoezi ya kwaya, ili wapite wakute kazi imekwisha na mimi nimeshika spana. Nikakaza bolti ya kwanza mpaka mwisho, nikahamia ya pili mpaka mwisho. Nina nguvu, unanijua, gunia nalipakia mwenyewe. Uliporudi ukaona upande mmoja umebanwa na upande wa pili umeinuka, gasketi imetoka pembeni kama siagi kwenye mkate.

Ulifungua upya, ukachukua karatasi ya gasketi, ukaipanga juu ya pampu na kuigonga kwa nyundo ndogo kuzunguka ukingo hadi ikakatika kwa umbo lake. Halafu ukaniita. Ukaniambia, "Kaza wewe, Mama, mimi nitakuonyesha ipi." Ukawa unanionyesha huku, kisha ng'ambo, kisha huku, kila moja kidogo, tunazunguka, tunarudia. Nilikaza kama ulivyosema. Ningeweza kukuambia kwamba nimeendesha gari hilo tangu hujui kutembea. Sikukuambia. Nilikuwa natazama kidole chako chenye grisi kikinielekeza, nikawaza kwamba huyu nimemzaa mimi, na mapafu yangu yakajaa. Kuna watu wana watoto wenye digrii wasiojua bolti inazungukia wapi.

Hapa nikuambie habari ya kovu la mkono wangu, maana siku zote nimekuambia ni uji. Sio uji. Nilikuwa nimebeba kwaya kuipeleka Chamwino kwenye harusi, gari likachemka njiani. Wanaume wawili wa sauti ya nne wakashuka, mmoja akasema tusubiri lipoe. Wakaangaliana wao kwa wao, sio mimi. Nikashuka, nikafungua kifuniko cha rejeta hapohapo, ili waone gari ni la nani. Maji yaliruka mpaka usawa wa kichwa. Mwalimu wa kwaya alinifunga mkono kwa kanga yake, na niliendesha hadi Chamwino kwa mkono uliobaki, harusi ikaimbwa, na chakula nilikula. Hicho ndicho ninachowasimulia watu. Kile nisichowasimulia ni kwamba nilikuwa najua kabisa kifuniko hakifunguliwi kikiwa cha moto. Nilijua. Nilikifungua kwa sababu kuna watu walikuwa wanatazama.

Na Jumamosi nilifanya karibu na hilo tena. Tulipojaza kulanti, ile uliyoinunua ikiwa imechanganywa tayari, uliniambia niache kifuniko wazi injini iungurume mpaka mapovu ya hewa yaishe. Uani kwetu panateremkia getini, gari lilikuwa limeinamisha pua chini, na mapovu yalikuwa yanatoka moja moja, kivivu. Wewe ulikuwa unanawa. Kwaya ikawa inapita. Mama wa jirani akaita kutoka barabarani, "Mama Nyemo, limepona?"

Nikafunga kifuniko. Nikasema, "Limepona."

Jana tukaenda Bahi. Kwenda hakukuwa na neno, barabara inashuka na gari lilikuwa tupu. Ulikuwa unaendesha wewe, macho yangu yako kwenye geji, mshale umelala katikati. Tulipakia mchele, ukasalimia wazee wote wa mashineni shikamoo mmoja mmoja kama nilivyokulea, na mzee mmoja akaniuliza kama huyu ndiye yule niliyekuwa namshika kwa mkono mmoja. Nikasema ndiye, sasa anageuza kwa mikono miwili, yeye ana adabu.

Kurudi ndiyo kupanda. Tulipokaribia njia ya kuingilia Kigwe mshale ukaamka. Ukasogea kidogo, ukasimama, ukasogea tena. Ulipunguza mwendo. Mshale haukushuka. Ukaegesha pembeni ya barabara, ukazima, ukashika usukani kwa mikono yote miwili ukitazama mbele. Pale hapakuwa na mtu ila mbuzi.

"Umeshinda, Mama," ukasema. "Nitapanda basi."

Ulinitazama.

"Unajua ni nini."

"Najua."

"Sema basi."

"Nafikiri."

Nikueleze nilichokuwa nafikiri, kwa sababu ulisubiri bila kunisumbua na hukuuliza baadaye. Nilifikiri kuhusu mlima wa Saranda utakaoupanda kwenda Manyoni, na giza la kule, na wewe ukiwa na tochi mdomoni chini ya gari. Nikafikiri kwamba nikinyamaza utakwenda kwa basi na utafika, na Yona atabeba mchanga, na hakuna atakayesema nilikunyima. Ilikuwa rahisi sana, wala haikuhitaji nidanganye. Ilihitaji nikae tu kwenye kiti changu. Nikakaa. Halafu ukashuka, ukafungua boneti, ukaiangalia ile pampu, ukasema peke yako, taratibu, "Sasa tulikosea wapi?" Ukawa unapapasa kingo zake kwa kitambaa, unatafuta kosa kwenye kazi ambayo haikuwa na kosa.

Hapo nikashindwa. Pampu ile ilikuwa imefungwa vizuri kuliko pampu yoyote niliyopata kuiona, na fundi wake alikuwa anaitilia shaka.

Nikashuka. "Funga boneti. Rudisha gari taratibu mpaka pale penye tuta, uweke pua juu. Liache lipoe kabisa. Lina hewa."

Tulikula ubuyu tukisubiri. Lilipopoa ulifungua kifuniko kwa kitambaa, ukawasha injini, ukafungua hita mpaka mwisho, jua lile, tukawa tunatoka jasho wote. Nikakuonyesha kulibinya lile bomba la mpira la juu, unabinya na kuachia. Likacheua povu kubwa. Likacheua tena. Hata wewe ulikuwa mgumu wa kucheua, ilibidi nikutembeze nyumba nzima begani. Kulanti ikashuka, ukaongeza iliyobaki kwenye galoni, tukangoja mpaka juu pakatulia kabisa ndipo ukafunga. Kutoka pale mpaka nyumbani kwetu Kikuyu, na mzigo, na kupanda, mshale haukuondoka katikati.

Ulifurahi, ukaimba. Mimi sikuimba, kwa sababu nilijua Yona yuko getini.

Alikuwepo. Aliweka kiganja juu ya boneti kama daktari.

"Mshale?"

"Katikati," ukasema.

"Tangu Bahi?"

Ungeweza kusema ndiyo. Ukasema, "Tangu njia ya Kigwe, mjomba. Kabla ya hapo ulipanda."

"Ulipanda." Akanigeukia mimi. "Sharti lilikuwa lako, dada. Ukipanda, gari la Yona. Au nilisikia vibaya?"

Hakusikia vibaya. Na mama wa jirani alikuwa ameshatoka na ufagio wake, anafagia mahali pasafi. Wewe ulikuwa umeshaanza kuchomoa ufunguo wa gari kwenye funguo zako umpe, na uso wako ulikuwa umetulia kama wa mtu aliyezoea kunyimwa. Sikuupenda ule utulivu. Nilijiuliza umeuzoea lini.

Nikasema, "Pampu ni nzima. Aliifunga Nyemo na haina tone. Kilichopandisha mshale ni hewa, na hewa niliifungia mimi. Aliniambia nisubiri, nikafunga kifuniko mapema kwa sababu watu walikuwa wanapita."

Yona akaacha kutafuna. "Sema tena."

"Nimekosea mimi. Gari halina kosa, na aliyelitengeneza hana kosa."

"Dada, toka tuzaliwe sijawahi kulisikia hilo neno kinywani mwako."

"Na umelisikia. Ondoa mkono kwenye gari la mtoto."

Nikadhani atagoma. Kisha akaingia uani akarudi na mfuko wa spana zake, zote, akauweka kiti cha mbele upande wa abiria. "Za kumi na za kumi na mbili ndizo utakazozitumia zaidi, mjomba wangu," akakuambia. "Na ukirudi likizo unirudishie. Mimi naazimisha, sio kama mwingine." Akaniachia karanga kiganjani, akaenda zake.

Nimeona leo umelifungua boneti mara mbili kutazama chini ya pampu. Pakavu. Usiache kutazama, hata ukizoea. Maji ya kisima usiyape gari, hata ya kule, hata wakikuambia ya kwao ni matamu. Mlimani mshale ukisogea kidogo na kurudi, hiyo ni kazi tu. Ukisogea na usirudi, simama, hata kama nyuma yako kuna gari la mkuu wa wilaya. Na ukikosea mbele ya wale wafugaji, sema siku hiyohiyo. Nimejaribu jana kwa mara ya kwanza, na umri huu. Inauma kama sindano, halafu inakwisha. Nililala vizuri.

Kesho kutwa nitakwenda sokoni kwa bodaboda. Wataniuliza pikapu iko wapi. Nitawaambia imepata ajira mkoani, inahudumia mifugo, na dereva wake ndiye daktari wake na ndiye fundi wake, na nimemzaa mimi. Watasema Mama Nyemo ameanza. Nitawaambia ndiyo, nimeanza, kaeni vizuri.

Mimi mama yako.